Ng'ombe ya mugulu wa Papa Bahati

Kitshanga, siku ya ine, jioni

Na akasema ukweli! Bwana yangu huyu, Papa Bahati, atanimaliza.

Asubui nilimwambia wazi: ajenti wa listi ya msaada akikuuliza kama tuko na ng'ombe, sema hapana. Ile ng'ombe, mwenye kamio alitulipa nayo ku tribinali kwa sababu lori yake ilimuvunja Papa Bahati mugulu. Si utajiri. Njo mugulu wenyewe. Na iko mbali, kwa kaka yangu.

Ajenti akauliza. Papa Bahati akaegemea fimbo yake: "Iko moja. Jina yake Sifa."

Wakatutoa ku listi. Unga ya mwezi huu hakuna, na sijui mutoto wetu Bahati atakula nini.

Nilimugombeza njia yote. Yeye polepole tu: "Mama Bahati, kwetu muntu hakani ng'ombe yake. Ukiikana mbele ya watu, maziwa inakauka."

"Na wakikuuliza kama uko na bibi, mimi huyu?"

"Nitasema iko, na nitataja jina yake, hata watutoe ku listi zote."

Hasira iko bado. Lakini maji ya kumukanda ule mugulu imeisha kuchemuka.