Benchi la Karibu na Mlango

Baba,

Shikamoo. Ungekuwepo ungeitika, "Marahaba, mama," kwa sababu nilirithi jina la mama yako, na kwetu Wagiriama mzazi humwita mama mtoto mwenye jina la mamake wala hakuna anayecheka. Nilipokuwa mdogo nilijiona mtu mkubwa kwa ajili ya hilo. Siku hizi nikikumbuka ulivyokuwa ukiniita, natamani kujifunika leso usoni.

Nakuandikia waziwazi, mbele za watu, kwa kuwa wewe nawe ulisemeshwa mbele za watu.

Unaikumbuka nyumba yetu ya Malindi, ile tuliyopakana ukuta na Bi Salma wa Lamu? Ulikuwa dobi wa hoteli wakati huo. Wiki nzima ulipiga pasi mashuka ya Wazungu, na Jumamosi jioni, badala ya kupumzika, uliwasha makaa ukapiga pasi nguo zetu za kanisani. Mama alikuwa akikutania kwamba umeoa pasi, yeye ni mgeni tu humo ndani. Wewe ulicheka ukasema, "Za hoteli ni za watu kulalia. Hizi ni za kwenda kwa Mungu." Shati lako jeupe lilitiwa wanga mpaka likasimama lenyewe, na mimi niliona fahari kukushika mkono njiani.

Kanisani wewe ndiye uliyesoma masomo. Hukusoma kama mwalimu, ulisoma kama mtu anayeita jirani ng'ambo ya shamba. Bi Salma, Muislamu wa kuswali tano zote, aliapa kwamba anakusikia akiwa jikoni kwake anakaanga mahamri. "Leo mwasomewa habari za njaa tena," alikuwa akiniambia nikirudi. "Msalimie babako, mwambie nimeokoka kwa masikio." Kisha alinipa mahamri mawili ya moto, nawe ulimrudishia salamu kwa kumpigia pasi kanzu za mumewe kila Idi ilipokaribia. Hivyo ndivyo nilivyodhani dini ilivyo: nguo safi, sauti kubwa na mahamri ya jirani.

Halafu hawe akafa. Hawe ndilo jina tulilomwita bibi, mama yako, na niliona wivu kidogo kwamba wewe ulikuwa na mama wawili, yeye na mimi, na yeye alikuwa hanijali sana. Aliishi Jilore na mbuzi wake, na alikataa kubatizwa maisha yake yote. Ulipomwomba alikujibu kwamba jina alilo nalo bado halijachakaa. Tulipokwenda kumzika, watu wa kanisa walikuja kwa lori, wakaimba, Kasisi akaomba vizuri, wakarudi mjini kabla jua halijawa kali. Ndipo wazee wa ukoo wakakuletea kibuyu cha mnazi, tembo la kumwagia kaburi. Ulikuwa kifungua mimba. Wasingeweza kumpa mtu mwingine.

Nilikuwa nimesimama karibu nawe kiasi cha kukugusa. Ulipiga magoti na suruali yako ya pasi, ukamwaga mnazi kidogo juu ya udongo mbichi, ukasema kwa Kigiriama, "Mayo, lala. Tusamehe tulipokukosea." Kisha ukasimama, ukajikung'uta vumbi, ukaenda kuwashika mkono shangazi zangu. Sikuona chochote cha ajabu. Niliona mtu anamuaga mama yake.

Hakuna aliyekusemea, Baba. Hilo ndilo jambo ambalo watu wa kanisani hawakulijua, wakadhani kuna mmbea aliyebaki nyuma. Ulirudi Malindi, ukaenda mwenyewe kwa Kasisi, ukamweleza kila kitu kama ulivyokuwa ukimweleza meneja wa hoteli kwamba shuka limeungua. Mama alikasirika mpaka akaacha ugali ukaungua kweli.

"Nani alikuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Sasa?"

"Jumapili ni zamu yangu kusoma. Siwezi kumsomea mtu neno la Mungu hali namficha jambo."

Kasisi alikuwa mtu wa bara, mpole, mgeni kwa mambo yetu, na wazee wa kanisa ndio waliomweleza uzito wa kibuyu kile, kwamba ni kutambikia wafu. Wakakaa kikao. Uamuzi ukaja: usiikaribie Meza ya Bwana, usisome, ukae benchi la nyuma, hadi utakaposimama mbele ya kanisa useme kwamba unajuta. Wangekupokea siku hiyo hiyo. Walikuambia ni maneno mafupi tu.

Ukawaambia, "Nilichofanya nimekisema. Lakini sijuti. Nikisimama madhabahuni niseme najuta, hapo ndipo nitakuwa nimetenda dhambi."

Basi ukahamia benchi la karibu na mlango, wanakokaa wanaochelewa na mama wenye watoto wanaolia. Uliendelea kupiga pasi kila Jumamosi. Shati lilikuwa jeupe vilevile, wanga uleule. Nyumbani, wakati wa sala ya jioni, ulimpa Mama Biblia asome yeye. "Nimekatazwa kusoma," ulisema. Mama akakuambia kwamba hapa si kanisani na hakuna mzee anayechungulia dirishani. "Mungu ni yuleyule, Mama Kadzo," ukamjibu, ukafumba macho ukangoja. Mama alisoma akijikwaa, mimi nikaukodolea macho mkeka.

Sasa nikuambie la shuleni, ambalo hukulijua kwa sababu nilirudi nyumbani nikiwa nimenawa uso. Watoto wa kanisani kwetu walilieneza. Kwenye mfereji wa maji, nikipita, mmoja wao alichota maji kwa kiganja, akayamwaga chini mbele ya miguu yangu akisema kwa sauti ya kizee, "Hawe Kadzo, pokea!" Wengine waliinama kama wanazika. Mwalimu wa dini alipotaka mtu wa kusoma Biblia darasani, nilizoea kuinua mkono, na alizoea kunichagua. Nikaacha kuinua. Nilianza kulichukia jina langu, Baba, jina la mama yako, nikaandika lile la ubatizo peke yake juu ya madaftari.

Bi Salma alinikuta siku moja nimekaa barazani kwake nalia. Nilimweleza yote. Alinisikiliza huku akichambua mchele, kisha akasema, "Babako kamzika mamake. La aibu hapo li wapi, mwanangu?" Nikamwambia kwamba yeye haelewi dini yetu. Akatikisa ungo. "Haya," akasema, "mie sielewi." Akanipa maji ya kunywa.

Kipaimara kikakaribia. Askofu angekuja, na desturi ya kanisa letu ilikuwa kwamba kila mtoto apelekwe mbele na baba yake, baba amwekee mkono begani wakati jina lake likiitwa. Aliye benchi la nyuma haruhusiwi. Kasisi aliniita akaniambia kwa upole kwamba mjomba anaweza kusimama badala yako. Mjomba! Mtu aliyekuja kanisani Krismasi kwa Krismasi, akinuka tumbaku. Nikawaza watoto wa mferejini wakiangalia. Nikawaza wakiinama.

Ulikuwa unapiga pasi gauni langu jeupe jioni ile niliyokuja kusimama mbele ya meza yako. Ulikuwa umefika kwenye kola, mahali ulipopapenda, ukinyunyizia maji kwa vidole. Sikukuamkia hata.

"Baba, kwani si maneno tu? Si useme tu yaishe?"

Uliiweka pasi juu ya kigae chake. Nilidhani utanikemea, na nilitaka unikemee ili nipate sababu ya kulia kwa sauti.

"Unaona aibu, mama?"

"Ndiyo."

"Aibu yangu?"

Nikasema ndiyo tena. Sikuinamisha uso, nilikuwa na hasira. Ulichukua pasi, ukatoka nje kupuliza majivu, ukarudi ukamaliza kola. "Haya," ukasema. "Ni maneno tu."

Jumapili iliyofuata ulipita katikati ya kanisa kutoka mlangoni mpaka mbele. Nilikuwa na wenzangu wa kipaimara, benchi la kwanza, nikakuona karibu. Wewe, uliyesikika mpaka jikoni kwa Bi Salma, ulifungua kinywa na sisi wa mbele hatukusikia kitu. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Sauti, ndugu." Ukasema tena. "Najuta," ulisema, "kwa nililolifanya kwenye kaburi la mama yangu." Na uliposema "mama yangu" hukumtazama Kasisi wala wazee. Ulinitazama mimi.

Kanisa likasema amina. Watu wakapiga vigelegele, Kasisi akakukumbatia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Mimi nilifurahi. Hicho ndicho kinachonichoma hadi leo: nilifurahi sana, nikageuka nyuma nikawatazama wale watoto wa mferejini mmoja mmoja.

Siku ya askofu ulinipeleka mbele. Mkono wako ulinuka wanga, na ulikuwa mzito begani mwangu. Niliitwa kwa jina la ubatizo kama nilivyoomba. Wewe peke yako ndiye uliyeninong'oneza nilipopiga magoti, "Nenda, mama."

Nilidhani mambo yamerudi kama zamani. Kasisi akakurudishia zamu yako ya kusoma, ukamwambia macho yamechoka. Macho! Wewe uliyeona kikunjo cha shati kutoka upande wa pili wa barabara. Na tulipoingia kanisani baada ya hapo, ulituacha mimi na Mama tuende mbele, ukaketi palepale karibu na mlango. Nikarudi kukuvuta mkono. "Baba, umesamehewa. Njoo mbele."

"Hapa pana upepo," ukasema.

Nikakuamini. Malindi ni joto, nawe ulishinda wiki nzima na makaa. Niliona ni jambo la maana kabisa mtu kutafuta upepo. Nilikuamini nikimaliza shule, nilikuamini nikiolewa, nilikuamini nilipoanza mimi mwenyewe kusoma masomo pale mbele, nikiinua macho kila mwisho wa aya nikaona shati jeupe karibu na mlango. Watu walinisifu kwamba nimerithi sauti yako. Nilishukuru. Sikujiuliza sauti hiyo imekuwaje ikawa yangu wakati mwenyewe yupo hai, ameketi kimya nyuma.

Ulipoanza kuugua ulituita na kutupa maagizo, na mengi yalikuwa ya kuchekesha, kama hilo la nani asiiguse pasi yako. Mwisho ukasema, "Mimi msinimwagie kitu. Sitaki mtu aje asimamishwe kanisani ajutie kunizika." Ulisema hivyo huku ukitabasamu, ndugu zangu wakatabasamu nawe. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Tukakuzika Jilore, kando ya hawe. Tuliomba, tukaimba, na wazee wa ukoo walikaa mbali wakiwa na kibuyu chao, wakakitii ulichosema. Nilikuwa kifungua mimba wako, na mikono yangu ilikuwa mitupu. Nilitaka kukuambia yale uliyomwambia mama yako, hayo maneno machache tu ya kuomba msamaha, hata bila mnazi, hata kwa Kiswahili. Kwaya ilikuwa inaangalia. Sikusema.

Jumapili iliyopita haikuwa zamu yangu. Nilichelewa makusudi, nikaingia polepole, nikaketi kwenye benchi lako. Mama mmoja kijana mwenye mtoto anayelia alisogea akanipisha, akashangaa kumwona msomaji huko nyuma. Nikakaa mahali pako hasa, penye ubao uliolainika. Nikangoja.

Baba, hapana upepo pale. Mlango unafungukia ndani, unaziba dirisha pekee la upande ule, na bati la juu halina dari. Upepo wote wa baharini unaingilia mbele, kwenye madirisha ya wazee na kwaya, unazunguka mimbarani na kuishia hapo. Kabla ya somo la kwanza gauni langu lilikuwa limenilowa mgongoni. Nilifikiria shati lako lililotiwa wanga, na jinsi ulivyotoka kanisani kila Jumapili likiwa limelegea, nami nikidhani ni uzee.

Nitakaa hapo tena Jumapili ijayo. Kasisi wa sasa akiniuliza kwa nini, bado sijajua nitamjibu nini, lakini jibu lako sitalitumia. Nimerudisha jina la hawe kwenye vitabu vya kanisa, liko kabla ya lile la ubatizo. Na yale niliyoyameza kaburini nayasema hapa, ambapo kila mtu anasikia: Baba, lala. Nisamehe nilipokukosea.

Ni mimi mama yako,
Kadzo