Siku Saba na Baba Rehema Ndani ya Meli

Alhamisi, jioni. Mawingu yamejikusanya juu ya Kariakoo tangu saa nne asubuhi, yakatutazama, hayakunyesha. Nguo ilinigandia mgongoni dukani na nimerudi nayo Magomeni ikiwa imeganda vilevile. Nimekaa, nimesimama, nimefagia ua ambao ulishafagiwa. Nimepika chai nikaisahau.

Kesho asubuhi Rehema anataka jibu.

Rehema ni binti yetu, anafanya kazi hotelini Dubai. Mwezi uliopita alipiga simu sauti ikimtetemeka kwa furaha: amejinyima, amepata punguzo, ametuwekea nafasi mimi na baba yake kwenye meli ya kitalii. Siku saba. Mnapandia hukohuko Dubai, mnalala humo, mnakula humo, mnashuka kidogo kwenye miji ya watu kupiga picha, mnarudi humo. Kinachotakiwa ni nakala za pasipoti zetu na neno "ndiyo". Pasipoti zote mbili ninazo hapa mezani. Neno ndilo limekwama.

Nikiri tu. Sitaki kwenda.

Na siko peke yangu, kumbe. Tangu habari ivuje kwenye korido yetu ya maduka nimegundua watu wa Kariakoo hawaielewi kabisa safari hii. Kwetu meli ni kitu cha kuleta kontena. Binadamu kuipanda ni kuchukua nafasi ya mzigo.

"Sasa hizo siku saba unarudi na nini?" aliniuliza Mama Kessy, jirani yangu wa fremu ya mbele, anayeuza mashuka.

"Narudi na mimi."

"Hivyohivyo? Mama Rehema, mtu anaenda Dubai anarudi na mwili wake tu?"

Nikajaribu kumweleza kwamba meli yenyewe haipakii bidhaa, ni ya watu kupumzika. Bwana Hamisi wa vyombo vya plastiki akadakia kutoka kwake bila hata kuinua kichwa: "Meli isiyobeba mzigo hiyo ni gesti imepotea njia." Korido nzima ikacheka. Mama Kessy alipoiona picha ya bwawa la kuogelea juu ya meli ndiyo akamaliza kabisa: "Yaani wako katikati ya maji, na bado wamejichotea mengine?"

Nilicheka nao, ila moyoni nilikuwa nashukuru. Kila mmoja alikuwa ananiongezea sababu. Bwana Hamisi akauliza nitaswali nimeelekea wapi, chombo chenyewe si kinageuka? Sababu. Sijui kuogelea; nina miaka hamsini na moja na bahari naijua mpaka kwenye vifundo vya miguu, siku nikienda Feri kununua samaki. Sababu. Kule ukichukia huwezi kuita bodaboda ukaondoka zako. Chakula cha jioni watu wanavaa kama wanaenda kupokea bibi harusi, na Rehema amenitumia picha ya meza yenye uma tatu kwa mtu mmoja. Uma tatu! Mimi wali nakula kwa mkono.

Halafu duka. Nauza nyuzi, zipu, vifungo, bitana, yote ya mafundi cherehani. Wateja wangu wengi wako kusini, Masasi, Newala, Lindi. Wanatuma kipande cha kitambaa kwenye bahasha kwa basi, mimi nalinganisha rangi, nawarudishia uzi kwa basi. Fundi asipojibiwa siku mbili anahamia kwa mwingine. Hii ndiyo sababu niliyoitegemea zaidi, mpaka mtoto wa dada yangu, Zuhura, akasema atakaa yeye. Na Zuhura, kwa bahati mbaya, rangi anazijua kunishinda.

Zote hizo ni za kweli. Ile yenyewe sijaitaja.

Baba Rehema alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, miaka thelathini, kazi ya zamu. Akirudi asubuhi mimi natoka. Nikirudi jioni yeye anatafuta viatu. Mazungumzo yetu yalikuwa ya mlangoni: gesi imeisha, funguo iko dirishani, mtoto ana homa, nimempa dawa. Ndoa yetu ni nzuri, sisemi uongo, haijawahi kuwa na kelele. Ni ndoa ya watu wawili wanaopokezana mlango.

Mwaka jana akastaafu. Yuko nyumbani kutwa. Na mimi, bila kumwambia mtu, nikaanza kuamka mapema zaidi na kurudi na magharibi. Korido nzima wananisifu kwa bidii. Jumapili yeye akifungua redio, mimi nakumbuka kuna mtu wa kumpa pole Temeke. Ninamkimbia mume wangu kwa heshima zote.

Sasa niwekwe naye siku saba kwenye chumba kisichozidi stoo yangu, kitanda kimoja na kidirisha cha duara. Tutaongea nini? Ikifika siku ya tatu tukagundua kwamba hatuna cha kusemezana, nitashukia wapi?

Mbele ya hofu hiyo, maji ni kitu kidogo.

Ila yeye anaitaka safari hii mpaka unamwonea huruma. Miaka yote hiyo amehesabu vilivyoshuka melini, na mwisho wake ulikuwa pale kwenye ngazi. Amenunua raba nyeupe. Jioni anazivaa anazunguka nazo uani, eti zizoee mguu. Kinyozi anajua, muuza mkaa anajua, imamu anajua.

Na mimi Jumanne nikampigia Rehema nikamwambia presha ya baba yake imepanda, daktari amemkataza safari za majini.

Presha anayo kweli, ya kidonge kimoja asubuhi. Daktari hajakataza kitu. Hata hajaulizwa. Nililisema harakaharaka, kama mtu anayesukumia takataka chini ya mkeka, na nikapanga kumwambia baba yake kwamba nafasi zimekosekana. Rehema akasema basi mama, ila mnipe jibu la mwisho Ijumaa, nisije nikafuta bure.

Sikujua angempigia baba yake kumpa pole.

Leo saa tatu asubuhi ujumbe wake ukaingia: "Nimeongea na baba. Amesema ni kweli presha inamsumbua. Amesema nisikulaumu, mama."

Nimeusoma mara nne nimesimama katikati ya duka. Angeweza kumwuliza, presha gani? Angeweza kunipigia akanifokea, na haki angekuwa nayo. Ameubeba uongo wangu akauweka begani kwake, kimya.

Kuanzia hapo mikono yangu haikuwa yangu.

Kazi yangu ina sheria moja: rangi hailinganishwi chini ya tyubulaiti. Taa ile inadanganya, inafanya nyeusi na bluu iliyokolea zionekane ndugu. Unachukua kitambaa, unatoka nacho mpaka mlango mkubwa wa jengo, unakitazama kwenye mwanga wa nje, ndipo unarudi kuchagua uzi. Nimefanya hivyo miaka ishirini. Leo bahasha tatu za kwanza nimezimalizia palepale chini ya taa, nikazifunga, nikazipeleka kwa wakala wa basi la kusini. Wala sikugundua.

Saa nane mchana Baba Rehema akatokea dukani. Hajawahi kuja tangu Idi. Alikuwa na kandambili zake za nyumbani, siyo zile raba. Akawasalimia majirani, akakaa kwenye stuli, akaomba maji. Nikampa. Nikasubiri aanze. Nikachukua bahasha ya nne, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, nikainua mkono kwenye rafu.

"Leo hutoki nje?" akauliza.

"Niende wapi?"

"Si huwa unatoka na kitambaa mpaka pale mlangoni. Ukirudi ndiyo unachukua uzi."

Sijawahi kumweleza kazi yangu inavyofanywa. Nina hakika, kwa sababu hajawahi kuuliza. Nikamwuliza nani amemwambia.

Akageuza glasi mkononi. Akasema zamani zamu ya usiku ikichelewa kuisha, mimi nikiwa nimeshafungua duka, alikuwa anapitia Kariakoo kabla ya kwenda kulala. Ng'ambo ya barabara kuna muuza kahawa. Anakunywa kikombe kimoja, ananitazama natoka na kuingia, natoka na kuingia na vitambaa vyangu, halafu anaenda nyumbani.

"Miaka yote?"

"Si kila siku. Zamu za usiku zilizochelewa tu."

"Na kwa nini hukuingia?"

"Ulikuwa na wateja."

Nilitoka nje na kile kitambaa kwa sababu sikuwa na pa kuuweka uso wangu. Kwenye mwanga nikaona uzi nilioshika ni wa kahawia. Ndipo nikazikumbuka zile bahasha tatu.

Nikarudi nikamwambia, kwa kilio cha mtu mzima, kile cha puani. Hakuuliza mara mbili. Basi linaondoka alfajiri, kwa hiyo vifurushi vilikuwa bado kwa wakala. Akaondoka na kandambili zake kwenye joto lile, akarudi baada ya nusu saa na bahasha zangu, akaziweka mezani moja moja kama aliyekuwa bado kazini: "Moja. Mbili. Tatu. Zimekamilika." Mbili zilikuwa na makosa. Shati za shule za watoto wa Newala zingeshonwa kwa uzi usio wake, na jina la kulaumiwa ni langu.

Nikafunga upya. Halafu nikasema, nikiwa nimeitazama rafu: "Ile presha niliisema mimi."

"Najua. Presha ni yangu, ningekuwa wa kwanza kupata habari."

"Niliogopa."

"Maji?"

"Wewe."

Mama Kessy kule mbele akaacha ghafla kukunja shuka. Baba Rehema akacheka taratibu, mabega yakatikisika.

"Hata mimi," akasema.

"Kwa hiyo tutaongea nini, siku saba?"

Akafikiri kwa dhati, kama nimemwuliza tani ngapi zimeshuka. "Mbili za kwanza tutagombania dirisha. Hizo nyingine sijui." Akainuka. Mlangoni akageuka. "Ukikataa mwambie mtoto ukweli tu. Mimi nimeshasema uongo wangu wa mwaka huu."

Akaenda zake. Mama Kessy akasubiri mpaka alipofika mbali, ndipo akasema: "Mwenzangu, mashuka yangu niagizie hukohuko, lakini huyo mtu nenda naye." Nikamwambia afunge mdomo auze.

Nimeandika mpaka hapo, nikanyanyuka kwenda uani kufagia tena, nikajikuta nimeshika simu.

Nimempigia Rehema. Nimemwambia daktari hakusema lolote, mama yake ndiye alisema. Amenifokea kwa dakika tatu kama mimi ndiye mtoto, na sikumkatiza. Kisha nikapiga picha pasipoti zote mbili, nikatuma, nikaandika ndiyo, wote wawili. Baada ya kutuma nimekaa na simu mapajani. Sijatulia. Msidhani kuna mtu aliyetulia hapa.

Wakati wa chakula nilimtazama Baba Rehema anavyochambua samaki, nikataka kumwuliza zile zamu za usiku bandarini alikuwa anakula nini. Miaka thelathini sijawahi kuuliza. Swali lilikuwa limeshafika kwenye meno, nikalirudisha. Nimeliweka akiba ya meli. La pili ni kama alikuwa anaona huruma meli ikishapakuliwa na kuondoka. La tatu ni kahawa ile, alikuwa anafikiri nini. La nne ni la ujana, sitaliandika hapa.

Manne. Tukitumia moja kwa siku, bado siku tatu hazina swali.