Mume Wangu Hapigi Simu Kazini

Jumatatu, 4 Machi

Leo tena nimeitwa mwizi. Na mke wangu! Nimeingia chumbani kwake na kikombe cha chai, salamu haijanitoka — "Mwizi! Mwizi!" Miaka hamsini na miwili ya ndoa, nimeishia kuwa mwizi wa chai.

Spika akaja mbio. Ni mhudumu wa zamu ya asubuhi hapa nyumba ya wazee tunakoishi, jina nimempa mimi. Kwake yeye anayesahau ni kiziwi. "MAMA! HUYU NI MUMEO! MTAZAME VIZURI!"

Mke wangu akanitazama vizuri. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Mume wangu si kizee hivi," akasema, akaanza kulia.

Nimejiangalia kwenye kioo cha choo cha wanaume. Ana haki.

Baadaye matroni kaniita ofisini. Mgonjwa hanywi maji, siku ya nne sasa, na mimi nikiingia anazidi kufadhaika. Hali isipobadilika, Jumatano ijayo atahamishiwa ghorofani, kule kwa mlango wa kufuli. Binti yetu atakuja kutia saini. Ngazi ni thelathini na mbili. Magoti yangu yanaishia ya tatu.

Nikamwambia fundi bomba havunji nyumba kwa sababu mfereji umeziba. Hakucheka. Matroni hacheki, sijui vicheko vyake huwa anaviweka wapi.

Jumanne, 5 Machi

Kumetokea jambo! Mke wangu alikuwa anapitishwa mapokezi, simu ya pale ikalia. Akasimama. Akakaa kwenye kiti cha mpokeaji wageni, akanyoosha mgongo kama msichana, akashika simu. "Namba, tafadhali."

Sauti ile! Alikuwa opereta wa simu miaka ishirini na sita, kwenye ule ubao wa matundu na nyaya, mpaka mashine zilipowafukuza.

Spika: "MAMA, HUNA KAZI! ULISHASTAAFU!" Uso wa mke wangu ukashuka.

Aliyekuwa amemshika mkono ni Polepole. Huyo ni mhudumu mwingine, bonge la mtu, mikono kama makoleo. Akachuchumaa mpaka macho yake yakawa chini ya macho ya mke wangu. Akangoja. Nilidhani kalala. Kisha taratibu: simu ni nyingi leo, opereta?

"Tele, mwanangu. Na wenzangu wawili hawajafika."

"Basi afadhali upo."

Akacheka! Mke wangu, sio Polepole.

Jioni Polepole kaja kuniuliza, kule kazini maopereta walikuwa wanafanyaje? Nikafungua mdomo nijigambe — sikuwa na kitu. Namjua mke wangu wa kuanzia saa kumi na moja jioni. Nikakumbuka jambo moja tu alilokuwa akilalamikia: bilauri ya maji. Kila opereta na yake, na msimamizi wa zamu anapita kuhakikisha wamekunywa, sauti isikwaruze masikioni mwa wateja.

Polepole kanipiga bega, nusura anitoe kwenye kiti. "Mzee, mbona hukusema siku zote?"

Hamkuniuliza, bwana. Mlikuwa mnamwuliza yeye leo ni siku gani.

Alhamisi, 7 Machi

Polepole kachimbua stoo, katoka na simu mbili za zamani, zimekufa zote. Moja mezani kwa mke wangu. Nyingine kwangu, kwenye stuli koridoni, nyuma ya pazia la mlango wake. Ananisikia, hanioni. Polepole anagonga kengele ya chakula, ndiyo mlio wa simu.

"Namba, tafadhali."

Mteja ni mimi: kwanza nikawa mwenye bucha. Halafu mwalimu mkuu, namtafuta waziri. "Laini ina shughuli, mheshimiwa. Subiri." Mheshimiwa! Darasa la nne mimi, tena nililitoka kwa dirisha.

Polepole anapita na bilauri: "Opereta, koo." Anakunywa! Bila kubembelezwa. Bilauri tatu!

Mashetani yakanipanda. Nikaomba niunganishwe na kuzimu, nina rafiki zangu wengi kule.

"Mteja, huko hatuna laini. Subiri zamu yako, utaongea nao ana kwa ana."

Nimecheka mpaka meno yamenitoka. Ya bandia, nayo yana ukomo.

Ijumaa, 8 Machi

Bilauri tano. Spika kanifuata: babu, mnamdanganya mgonjwa. Nikamjibu, wiki nzima umempa ukweli, umeona kanywa hata kijiko? Kisha kwa sauti ya chini — kumbe anayo! — akasema mama yake walimficha ugonjwa wake mwenyewe hadi siku ya mwisho. Naye alikuwa miongoni mwa waliomficha.

Nikamsogezea stuli yangu akae.

Jumatatu, 11 Machi

Mimi mjinga. Mjinga mwenye mvi.

Mambo yalikuwa yanakwenda. Jana alisema, "Wewe ni yule mteja msumbufu." Kanikumbuka toka juzi! Basi tamaa ikanishika. Leo kengele imelia, "Namba, tafadhali," nikasema: opereta, ni mimi mumeo.

"Mume wangu hapigi simu kazini."

Nikafungua pazia! Ni mimi, nitazame! Akapiga ukelele, akatupa simu, ikamkosa Polepole kwa unywele. Tangu saa tatu asubuhi hajagusa maji. Spika kaandika kwenye faili. Ni wajibu wake.

Polepole hakunilaumu. Kaokota simu, kaifuta, kairudisha mezani. Angenitukana ningepumua.

Na alichosema ni kweli. Miaka ishirini na sita! Mji mzima ulipita mikononi mwake, wachuuzi, wachumba, wafiwa. Mimi sikumpigia hata mara moja. Nilikuwa najua namba. Sikuona sababu. Nilikuwa namsubiri nyumbani anipakulie.

Jumanne, 12 Machi

Nusu bilauri. Sikwenda. Nimekaa kitandani chumbani kwangu, nasikia kengele, Polepole anapiga simu peke yake. Anajifanya mwenye bucha. Hajui kabisa.

Jumatano, 13 Machi

Binti yangu amefika. Fomu iko mezani, matroni kando yake, wako kona ya chumba cha mama yake. Nimeomba simu moja. Matroni kasema basi, mzee wangu, moja, na kaangalia saa.

Niko koridoni, daftari gotini. Naandika ili mkono usifungue pazia. Ilikuwa hivi. Kengele.

"Namba, tafadhali." Sauti imekwaruza.

Nikasema sina namba. Namtafuta mmoja wa maopereta wenu. Nikataja jina lake, lile la usichana.

"Yuko kazini. Nani anamwita?"

Mwenye bucha alikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Polepole ananitazama, bilauri mkononi.

"Mumewe."

Kalamu ya binti yangu ikaacha kugonga meza.

"Mumewe? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nataka kumsikia tu."

"Huyo hajawahi kupiga."

"Najua. Kachelewa."

Akavuta pumzi. "Subiri kwenye laini. Usikate."

Sasa ni dakika ya sita. Matroni kakohoa mara mbili. Spika yuko mlangoni, kaweka kidole mdomoni, anamnyamazisha — matroni mzima! Nasikia vidole vya mke wangu vinatafuta matundu kwenye meza. Sasa anaita. Anaita jina lake mwenyewe, taratibu, anangoja, kama mtu anayejaribu laini ya mji wa mbali.

Sijakata.

Anaita tena —