Tulisimama Kwenye Mawe Meusi

Heru Juu, Kasulu
21 Septemba 2014

Kaka Elisante,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Kiomboi na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Wifi Careen hajambo? Na watoto je, na wale kuku wa kisasa ambao kwenye simu huwa unawataja kabla ya watoto? Mimi ni mzima, ila vumbi limenikausha sauti. Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nakujua: ungenikatia kabla sijafika katikati.

Naanza na kosa. Mwezi wa saba nilipokuuliza kuhusu barabara ya Kasulu hadi Kibondo, hukunieleza hata kona moja. Ulinitaka niape kwamba sitapita huko kwa ajili ya kutembea tu, nami nikaapa. Kaka, nimepita. Nimepita kwenda na nimepita kurudi, na tangu niajiriwe sijawahi kufurahi hivi. Kaa chini usome taratibu, na usiichane barua mpaka umefika kwenye jina langu.

Wazo lilitokana na aibu. Nilikuwa nawafundisha kidato cha pili habari za makorongo ya jangwani huko Marekani, nikionyesha picha ya kitabu, mawe mekundu yamepasuka na mto uko chini kabisa. Msichana mmoja akauliza kama hilo ni kubwa kuliko lile la njia ya Kibondo. Nikafunga kitabu. Miaka mitatu nimekaa huku, mwalimu mzima wa jiografia, na ninachokijua ni nyumba za walimu, darasa, na soko la Kasulu kila Jumamosi kwa bodaboda. Jioni niliwaeleza wenzangu, na Mwalimu Asia, yule wa Tanga niliyekuambia hawezi kuinjika chai bila mdalasini, akasema likizo fupi ya Septemba isipite hivi hivi. Tukawa wanne, wanawake tupu.

Mipango niliishika mimi, na unajua nikishika jambo. Nilichora barabara nzima kwenye karatasi ya manila. Tulichagua Septemba kwa sababu mvua haijaanza, tope hakuna, na miti ya porini ndiyo inachipua majani mekundu. Tulikodi Landkruza ya mzee mmoja wa mjini pamoja na dereva wake Castory, mzaliwa wa Nyakitonto, mtu wa makamo asiyependa maneno akiwa kwenye usukani. Nikataka tairi mbili za akiba, dumu la maji, na kamba ya kuvutia gari. Nikasema hatuondoki alfajiri barabara ikiwa tupu. Tutangoja saa mbili, basi linalosindikizwa na polisi litangulie, nasi tulifuate. Asia alilalamika kwamba kwa ratiba yangu hata kwenda haja ndogo kumewekewa kituo. Castory alisema siku hizi njia imetulia, lakini akakubali yote, kwa sababu na yeye ana watoto.

Sasa uniwie radhi, na wifi pia umwie radhi. Kwa kuwa ulininyima habari za njia, nilimwomba yeye akuchokonoe wakati wa kula. Alikuchokonoa kweli. Alinipa madaraja, alinipa miteremko, na akanionya kwamba kule barabara inakoshukia mtoni, penye mawe matatu meusi, tusisimame kwa hali yoyote. Halafu akanieleza na lile ulilomwambia yeye peke yake. Kwamba usiku mmoja wa mwaka tisini na nane, na lori la maharage, ulikuta gogo limelazwa barabarani hapo. Kwamba risasi ilipolia uliruka ukakimbilia upande wa Kibondo, ukamwacha utingo wako Pasikali amelala kwenye kiti chake, amejifunika koti. Kwamba funguo za lori ulimtumia tajiri kwa kondakta wa basi, ukarudi nyumbani, na hukuuliza kilichompata Pasikali kwa kuogopa jibu. Mimi nilidhani umeacha udereva kwa sababu ya goti. Nililia siku hiyo, kaka, nikaelewa kwa nini miaka kumi na sita hujagusa usukani hata wa gari la mchungaji.

Tuliondoka Ijumaa. Castory alitusalimu "mwakeye" nasi tukamwitikia kwa Kiha chetu cha kuungaunga, akacheka kwa mara ya kwanza. Tukapita Makere, basi likiwa mbele na sisi tukila vumbi lake, vitambaa vimefungwa hadi puani, na Asia akawa mwekundu kuanzia nyusi hadi viatu. Vilima vya huku vilikuwa vimeungua, vyeusi, na katikati ya weusi huo miti imechipua majani mekundu. Nilijisahau nikawa nasema peke yangu. Kisha barabara ikaanza kushuka, na upande wa kushoto nchi ikapasuka. Kaka, wewe umelipita mara nyingi ukiwaza breki. Mimi nililitazama. Kuta za mawe zimesimama pande zote mbili, na chini kabisa maji membamba yanaelekea Malagarasi.

Niliyaona mawe matatu meusi kabla ya wenzangu. Castory akawasha indiketa. Nikamwambia asithubutu kusimama, ratiba haina kituo hapo. Akanijibu bila kugeuka kwamba ratiba iliandikwa na mtu wa zamani. Pale pana gulio, kaka. Pana mama wauza ndizi za kuchoma, vijana wa pikipiki, na askari wawili wanakunywa chai. Lile basi letu la kusindikizwa lenyewe lilikuwa limesimama na abiria wamejaa kwa wauza mahindi ya kuchoma.

Nilishuka. Nikamwendea mzee mmoja muuza asali, mrefu, amevaa kofia ya sufu kwenye jua lile, nikanunua chupa ili nipate la kusema. Kisha nikamuuliza kama ni kweli hapa zamani lori la maharage lilitekwa. Aliacha kufunga chupa. Akauliza nani kaniambia. Nikasema dereva wake ni kaka yangu, anaitwa Elisante.

Aliketi chini pale pale vumbini. Akaniuliza kwa upole sana: "Mlimzika wapi?"

Nikamwambia, "Hatujamzika. Yuko Kiomboi, anafuga kuku na kumsumbua mke wake."

Ni Pasikali, kaka. Pasikali wako. Ana mke, ana watoto watano, ana mizinga sitini, na meno yote yapo. Alipokwisha kulia na kucheka alinieleza, na hili ameniomba nikufikishie kama lilivyo. Siku ile hakuwa amelala. Aliliona gogo kabla yako, akafungua mlango wa kushoto hata hujakanyaga breki, akaruka akakimbilia upande wa Kasulu. Ulichokiona kwenye kiti ni koti peke yake. Alisikia risasi mgongoni, akajua ni wewe umepigwa, na hakuuliza kwa sababu alikuwa amekukimbia. Ameona haya miaka kumi na sita.

Soma tena hapo, kaka. Wewe ulitokea mlango wa kulia, yeye wa kushoto. Hakuna aliyeachwa. Majambazi walilipiga risasi lori tupu.

Limebaki moja, nalo linahitaji miguu yako. Kila tarehe mbili Novemba, Wakatoliki wanapowaombea marehemu, Pasikali hupeleka jina lako parokiani. Kila mwaka tangu siku ile wewe Mlutheri umesomwa kwa sauti kati ya wafu wa vilima hivi, na watu wamekuombea pumziko la milele huku ukiwapa kuku wako pumba. Nilimwambia aliondoe jina. Akasema hawezi kwenda kumfufua mtu mbele ya padri kwa maneno ya mwalimu wa jiografia; lazima akuone kwanza.

Kwa hiyo nimechora karatasi nyingine ya manila. Unashuka Kibondo Alhamisi ya tarehe thelathini Oktoba, mimi na Castory tunakupokea, na kesho yake saa mbili tunaelekea mtoni nyuma ya basi. Castory amesema kutoka Kibondo hadi kwenye mawe meusi yeye atakaa kiti cha utingo. Nimeshamjibu kwamba umekubali.

Wasalimie wanangu, mpe wifi Careen chupa ya asali niliyoituma kwa basi, na usimgombeze. Asia anakuamkia. Pasikali naye anakusalimu, na anauliza kama marehemu anakula ndizi za kuchoma.

Ni mimi mdogo wako mvunja kiapo,

Evaline