Shimo la Nyuma ya Jiko

Uyole, Mbeya
22 Septemba 2024

Mpendwa Wifi Faustina,

Kamwene! Habari za Kilolo? Natumaini wewe na shemeji Saulo mu wazima, na viazi vimekubali mwaka huu. Sisi hatujambo. Kaka yako Aroni anakohoa kidogo, ila kazini anakwenda.

Nimepata ujumbe wako kwamba utakuja Desemba kumsimamia Yudith ubatizo, na kitenge umeshanunua. Nimekaa na simu siku tatu nikashindwa kujibu. Kwenye barua angalau hutanikata kauli.

Yudith alizaliwa miezi miwili kabla ya wakati wake, unajua. Lakini ulipokuja mwezi wa sita ulimlinganisha na Junaid wa jirani, aliyezaliwa wiki ileile na tayari anakaa. “Wifi, huyu mtoto mbona kalegea hivi? Leteni jembe!” Ukachimba nyuma ya jiko, akafukiwa hadi kiunoni ili mgongo ukaze. Juni, Uyole, udongo wote ule wa baridi! Siku ya tatu tulikuwa wodini na nimonia. Wewe ulikuwa umesharudi Kilolo.

Hujawahi kuuliza hospitali walisema nini, basi nakwambia. Matilda, dada wa mazoezi ya viungo, alinichorea kwenye karatasi. Mtoto akiwa tumboni, mishipa ya fahamu kadhaa hung'ang'ania uzi mmoja wa msuli. Wiki na miezi baada ya kuzaliwa, ile ya ziada hujiondoa, unabaki mmoja, na pale ulipoungana na msuli ndipo hukomaa na kupata nguvu. Kujinyoosha na kurusha miguu husaidia kazi hiyo. Aliyezaliwa kabla ya wakati anamalizia nje mambo ya tumboni, kwa hiyo miezi yake huhesabiwa tangu siku aliyotarajiwa. Kwa hesabu hiyo Yudith alikuwa na miezi sita tu. Hakuchelewa kitu. Na shimoni, wifi, mguu unarushwa wapi?

Siku hizi anakaa mwenyewe na kuburuta sufuria zangu zote. Nasikia unawaambia watu kwamba ni shimo lako lililomponya. Nilipoambiwa nililia kwa hasira.

Ubatizoni njoo ukitaka, kanisa si langu. Lakini mtoto hutamshika.

Aroni ananisihi nikusamehe, kwa kuwa ulikuwa na nia njema. Hilo najua. Tena wewe ulichimba tu. Aliyemvua nguo, akamshika mabega huku mtoto analia mpaka sauti ikamkauka, ni mimi mama yake, kwa sababu nilikuogopa. Nikikusamehe wewe, nitabaki na lile shimo peke yangu.

Msalimie shemeji Saulo, na mama mkwe Benedicta umwambie dawa zake za presha asiache. Mungu awalinde na baridi ya huko.

Wifi yako aliyekupenda,
Tumpe