Kipimo Alichokipenda Baba

Alby, Stockholm, 12 Januari 2025

Mwanangu Zuhura,
Natumai hamjambo hapo Kigoma, wewe na wajukuu zangu. Huku ni theluji tupu, ila basi langu la abiria naliendesha kama kawaida. Kisogo kinanigonga siku hizi. Nimenunua mashine ya presha, ya kufunga mkono wa juu. Kila nikipima inasoma juu mno. Naona ni mbovu. Zahanati siendi, wakiona namba hizi wataninyang'anya usukani. Nijibu kwa barua pepe hii hii, unishauri ninunue ipi.
Baba yako, Idd

Kigoma, 16 Januari

Shikamoo baba,
Sisi wazima, watoto wanakuulizia. Baba, hiyo ya mkono wa juu ndiyo ya kuaminika. Labda mkanda ni mdogo. Ukibana, husoma juu. Tafuta unaoenea mkono wako. Kaa utulie, usiongee, rudia. Kisha ipeleke zahanati wailinganishe na yao. Namba zikibaki juu, tatizo si mashine. Nakuomba upumzishe usukani kwanza.
Mwanao, Zuhura

Alby, 9 Februari

Mwanangu mpenzi,
Salamu nyingi. Mkanda mpana nilinunua, namba hazikushuka. Sasa nimepata mashine nyingine, ya kuvaa kifundoni kama saa. Hii nzuri. Nikiinua mkono kidogo, inasoma kama ya kijana. Hervé, yule Mkongomani ninayefanya naye kazi, ameniuliza, "Mzee, unachagua mashine ao unachagua jibu?" Nikamcheka. Jana taa za barabarani niliziona mbilimbili. Uchovu tu.
Baba yako

Kigoma, 10 Februari

Shikamoo baba,
Sijauliza hali, nimeshaijua. Ukiinua mkono juu ya moyo, mashine ya kifundoni inakudanganya. Na taa mbilimbili si uchovu. Usiendeshe kesho. Nimekupigia tangu asubuhi, hupokei.
Zuhura wako

Stockholm, 2 Machi

Zuhura mwanangu,
Salamu kutoka hospitali. Anayeandika ni Hervé, mimi nasema tu; mkono wa kulia umekataa. Ulikataa nikiwa kwenye usukani, basi likapanda kituoni penye watu. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri amelazwa humu humu. Nikimuulizia, manesi wanasema wanamwangalia, basi.

Leo daktari ameniuliza kama nilikuwa najipima nyumbani. Nikamwambia, "Ndiyo, kila siku." Akauliza ilikuwa inasoma ngapi.

Hervé alinitazama. Nikasema nitakumbuka; daktari atarudi kesho kusikia jibu.
Baba yako