Kompyuta Imeshiba Nakala

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, nikitumaini u mzima na baridi haijakumaliza. Sisi hatujambo, aliyekuwa mgonjwa ni kompyuta, na ugonjwa wake umefichua mambo. Naandika kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa simu Mama huusoma kwa sauti sebuleni, na Baba akijua nimekuambia haya, nitahama nyumba.

Sasisho la programu lilijiweka lenyewe kwenye kompyuta. Tuliambiwa tusubiri, tukasubiri, na tangu hapo kompyuta ikawa inaamka kwa kudra za Mungu. Mama aliiwasha kabla ya kuinjika maharage, na maharage yakatangulia kuiva. Jumapili ile tulipozungumza, picha yako iliganda ukiwa umeachama. Mama akakusihi ufunge mdomo, kisha akaanza kulia kwamba umepooza. Kumbe wewe unaendelea kusema, na sauti iliporudi tukasikia kwamba likizo hii huji, kwani huwezi kukaa nyumba moja na mzee anayetoka sebuleni kila akiuona uso wako.

Maneno yale yalimlaza Mama bila chakula. Akaamua kompyuta ikipona atakubembeleza, basi tukaanza tiba. Yeye aliilaza juu ya kitambaa chenye maji ili kushusha homa. Mjomba, ajuaye kila kitu isipokuwa kunyamaza, akasema tatizo ni betri. Akaitoa, na kuirudisha akashindwa. Baba, nyuma ya gazeti, akasema tuliuze dude hilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lakini niliposema fundi huenda akafuta kila kitu aanze upya, gazeti lilishuka. Akauliza hicho kila kitu ni kitu gani.

Fundi alikuja, akairudisha betri, akaikagua, akasema sasisho halina kosa: limeomba nafasi, na nafasi hakuna. Akafungua folda iliyoandikwa Ankara za Maji, akakutana na uso wako. Wewe unacheka, wewe unaonyesha chumba chako kipya, wewe unamsengenya bosi wako kwa Mama. Mazungumzo yetu yote yamerekodiwa, na kila moja limewekwa mara tatu. Fundi akauliza ni nani mwenye wazimu wa kuweka nakala tatu tatu kwenye mashine ileile.

Sote tukageuka. Dada, nyumba hii ina mtu mmoja tu aliyetunza stoo ya kiwanda hadi kustaafu, ambaye hata ufagio aliupokea kwa nakala tatu: karatasi nyeupe, ya manjano na ya waridi. Baba akakohoa. Akasema kitu kisicho na nakala si kitu. Mjomba alikosa la kusema, na mimi nikaona maajabu mawili kwa siku moja.

Kumbe kila ukipiga, Baba alipokuja eti kukagua waya wa umeme alikuwa anabonyeza kitufe cha kurekodi, kisha anatoka na kiburi chake. Asubuhi tukishaondoka kwenda kazini, anakaa anakutazama. Fundi alipotaka kufuta nakala za ziada, walivutana kama watu wa sokoni, wakaafikiana moja ibaki na nyingine iwekwe kwenye flashi, ambayo Baba ameitia mfuko wa shati. Sasa kompyuta inafunguka upesi kuliko mdomo wa Mjomba.

Mimi ndiye niliyekuwa nakwambia Baba hajakusamehe kwa kuikataa kazi aliyokutafutia kiwandani. Nilikuwa nakisia tu. Safari hii nilimwuliza mwenyewe kwa nini asikae azungumze nawe. Akasema angependa, ila hajui aanzie wapi, na kwamba kukutazama kwenye rekodi ni rahisi, kwani huko humwulizi chochote. Nilijisikia vibaya, nikajifanya natafuta chaja.

Basi njoo, dada yangu. Na Jumapili ukipiga, usingoje akusalimu. Mwite, mwulize kompyuta iliharibikaje. Atasogeza kiti mwenyewe; habari hiyo anawaeleza hata majirani wasiomwuliza, ila sehemu ya nakala huiruka.

Mama anakusalimu sana. Mjomba naye anakusalimu, kwa kirefu. Baba hakutuma salamu, lakini ameniuliza chumba chako kipakwe rangi gani, na hapa ninapoandika namsikia anaburuta kitanda chako peke yake, hataki kusaidiwa.

Wako akupendaye,
Kitindamimba